Mtoa Habari Namba Saba

Mti wenyewe una jina, na watoto wote wa mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, wanalijua, lakini mimi sitaliandika hapa. Ukifika mwisho utajua kwa nini. Nitasema tu kwamba unaota kwenye miteremko ya barabara ya kupanda Fizi, kwamba ganda lake likisagwa na kubandikwa kwenye kidonda kilichooza, kidonda kinafunga, na kwamba mwanamke aliyejua kulitumia aliitwa Godelieve. Nalitaja jina lake mapema, maana kuna kitabu kizima kilichoandikwa juu ya ujuzi wake na jina hilo halimo.

Kitabu chenyewe kilifika nyumbani kwake Jumanne asubuhi, mkononi mwa binti yake Gentille, mwalimu wa shule ya msingi. Mwandishi wake, kijana mmoja wa Bukavu aliyeitwa Wilfried, alikuwa amegawa nakala kwa wakubwa wa mji: moja kwa shefu mtawala, moja kwa kamati ya afya, moja shuleni. Kwa Godelieve hakupeleka. Na huyo Wilfried aliwahi kulala katika nyumba hiyo miezi minne, akila ugali wa bukari na ndagala za ziwani za mama huyo, akimfuata porini na daftari.

"Soma," Godelieve alisema. Alikuwa anachambua majani ya muhogo ya sombe na hakuinua macho. "Soma pale anasema juu yangu."

Gentille alisoma Kifaransa kimoyomoyo, kisha akakigeuza. "Iko hapa. 'Mtoa habari namba saba. Mwanamke, umri kama miaka sitini, hajasoma.'"

"Namba saba njo nani?"

"Ni weye, mama."

"Sitini?" Godelieve aliweka sombe chini. "Mie niko na makumi tano na tatu! Na nilifika darasa la sita, Biblia yangu ninasoma mwenyewe. Alikuwa ananiona nasoma kila asubuhi, pale pale alikuwa anakunywa chai yangu. Endelea."

Gentille aliendelea, shingo upande. Alimweleza mama yake yaliyofanyika kule labo, kwenye maabara ya Bukavu: waliliponda ganda, wakaliloweka kwenye alkoli, wakaweka tone moja kwenye kioo kilichopakwa unga mweupe. Tone lilipanda kwenye kioo kidogo kidogo, na kila kitu kilichokuwa ndani ya ganda kikasimama mahali pake. Walipowasha taa maalum likaonekana doa moja la zambarau, chini kabisa. Doa hilo ndilo lililoua vijidudu vya kidonda. Wakalifuata, wakalitenga, wakachora umbo lake mpaka mwisho.

"Kwa hiyo dawa iko mu ile doa."

"Ndiyo, mama."

"Na banaliita namna gani?"

Gentille alitazama jina la mwandishi kwenye jalada. "Banaiita wilfridine."

Mungu anisamehe, nilipohadithiwa jambo hili nilicheka. Godelieve hakucheka. Alirudia neno lile taratibu, akatema mate pembeni, akamwambia binti yake afungue mbele.

Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa na kichwa chake: Imani za Kishirikina. Gentille alitaka kuuruka, mama akaweka kidole juu yake. "Hii pia."

"'Mtoa habari namba saba anaamini kwamba mti lazima ujeruhiwe kwanza, uachwe misimu miwili ya mvua, na kwamba ganda lililoota juu ya jeraha ndilo peke yake linaloponya. Anadai kwamba mti usioumia hauna dawa. Imani hii haina msingi wowote wa kisayansi.'"

Hapo ndipo Godelieve alipoinua uso. "Gentille, ile ganda alipeleka ku labo, alitoa wapi?"

"Si weye ulimupa?"

"Mie nilimupa. Alitaka kukata mwenyewe, nikamukataza asijikate na panga, mutoto ya batu. Nikamupa mu kikopo yangu. Na mu kikopo yangu hakuna kitu ingine. Yote ni ganda ya kovu."

Mama akachukua kitabu, akakunja pembe ya ukurasa ule vizuri, akalikandamiza kunjo kwa ukucha.


Siku ya Ijumaa Godelieve alisikia mapanga kutoka shambani. Alipanda mteremko akihema. Miti ilikuwa mitatu tu katika ardhi ya ukoo wa mumewe: miwili kule juu, wa tatu nyuma ya jiko lake, karibu na kijito. Wa nyuma ya jiko ndio aliokuwa akiujeruhi na kuuvuna tangu mama mkwe alipomfundisha. Ile miwili ya juu aliitunza iwe akiba, haijawahi kuguswa. Sasa vijana wanne walikuwa wanaimenya kuzunguka shina, toka chini mpaka mkono unapofika, na magunia yalikuwa yamejaa.

Wilfried alikuwa pale na viatu virefu vya mpira. "Mama!" alisema, akampa vidole viwili vya kusalimia kwa kuwa mkono ulikuwa na utomvu. "Usishituke. Papa Raphaël alikubali. Aliweka kidole ku karatasi."

Raphaël, mume wake, alikuwa amesimama nyuma ya gari na kisanduku kifuani. Ndani yake mlikuwa na pano, sahani ya kushika umeme wa jua, na balbu mbili. Zaidi ya hapo alikuwa amepewa dola hamsini, na hamsini nyingine akaahidiwa. Hakumtazama mkewe.

"Mukimenya muti hivi, kuzunguka yote, itakufa," Godelieve alisema.

"Tunahitaji kilo mingi, mama. Bazungu ba proje, bale banatoa pesa, banakuya Bukavu kisha miezi mitatu. Lazima tubaonyeshe wilfridine safi, gramu nzima."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kuna watu wanaomlaumu mama huyu. Mbele ya watu wote wale, Godelieve alijaribu. Alisema, "Wilfried, ile maneno nilikuambia juu ya kovu..."

Kijana alicheka. Si kicheko kibaya, kile cha kumchekea mtoto. "Mama, ile ni mambo ya bankambo, ya bababu ba zamani. Sayansi iko na njia yake. Usichanganyie hawa batu kichwa." Vijana wa mapanga nao wakacheka, hata mmoja ambaye Godelieve alimponya mguu mwaka juzi. "Nijibu kitu kimoja tu. Ni huu muti, si ndiyo?"

"Ni huu."

"Na hii ni ganda yake?"

"Ni ganda yake."

"Basi. Aksanti, mama."

Tangu saa ile Godelieve alijiwekea sheria: atamjibu anachouliza, wala hataongeza neno. Alikaa juu ya jiwe akawatazama mpaka gunia la mwisho. Alitazama miti miwili ikibaki uchi, myekundu kama nyama, na moyoni alisema waziwazi: nitamuona huyu akilia. Nitamuona kwa macho yangu.

Nyumbani, Raphaël alifunga balbu moja sebuleni. Mkewe alimwekea bukari mezani, donge kubwa safi, bila mboga.

"Mama Gentille, mboga iko wapi?"

"Uliza pano yako."

Alikula hivyo siku tatu.


Halafu ulikuja mkutano. Kamati ya afya iliita watu kwenye ukumbi, na mwenyekiti wake, muzee Eugène, alivaa koti la suti ingawa jua lilikuwa linachoma. Godelieve alikaa safu ya mbele kama mgeni. Akaja kijana kumwambia ahame, kiti ni cha mtu wa proje. Akahamia safu ya pili, nacho kilikuwa cha mtu. Mwisho alikaa kwenye benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na wanaosubiri kufagia. Fanta zilipogawiwa ziliishia safu ya nne.

Wilfried alionyesha picha ukutani. Doa la zambarau, kubwa kama sahani, na watu wakapiga makofi. Kisha Eugène akasoma karatasi: kwa kuwa kipimo cha dawa hii bado hakijulikani, kwa kuwa afya ya raia ni kitu cha thamani, matibabu yote ya kienyeji kwa mti huo yanasimamishwa mpaka utafiti umalizike.

"Inasimamishwa kwa nani?" mtu akauliza. "Ni mama Godelieve peke yake njo anatibu nayo."

"Basi kwake," Eugène akasema, na ukumbi ukacheka.

Wakamwita mbele akubali. Alifungua mkono apewe kalamu. "Ninajua kuandika," alisema.

"Muda hakuna, mama. Weka kidole tu." Eugène alimshika gumba mwenyewe, akalibonyeza kwenye wino, akalibonyeza kwenye karatasi. Wino ulikuwa wa zambarau.

Gentille alikuwa amesimama tayari kupiga kelele. Mama yake alirudi, akamvuta kikwembe kiunoni, akamkalisha.

"Mama, tuseme! Tubaambie ukweli sasa hivi, bapate haya!"

"Nyamaza. Asiyesikia la mkuu, huvunjika guu. Acha hii guu ivunjike vizuri."

"Na kama haitavunjika?"

"Gentille, ile magunia hayana kitu. Ni kuni. Anapeleka kuni Bukavu." Alijifuta gumba kwenye ukuta wa ukumbi. "Banasema subira huvuta heri. Yangu mie inavuta aibu ya kwake."


Wiki mbili baadaye alishuka mgonjwa aliyeitwa Kabagwira. Alikuwa mwanamke wa mlimani, wa wafugaji, na mguu wake wa kushoto ulifungwa kwa kitambaa ambacho harufu yake ilitangulia. Alikuwa ametembea siku mbili, akapita vizuizi vya barabarani ambavyo kila kimoja kilimuuliza anatoka kwa nani, akakalia pikipiki kipande cha mwisho. Hospitali walimwambia mguu utakatwa. Sokoni watu walimtazama kwa jicho lile ambalo sisi wa pwani ya ziwa na wao wa mlimani tumezoea kutazamana, na hakuna aliyemwonyesha njia ila mwuza sabuni mmoja.

"Banasema umekatazwa," Kabagwira alisema, akiwa bado amesimama uani. "Kama umekatazwa nitarudi. Lakini muguu haiwezi kurudi."

"Ikala hapa chini," Godelieve alijibu. Aliufungua mguu, akaunusa karibu kabisa, akaubonyeza pembeni ya kidonda kwa kidole. "Mufupa bado haijaoza. Ikala, mama, usilie."

Kikopo kilikuwa na ganda la kovu la kutosha mtu mmoja. Ndilo lililobaki. Godelieve alikuwa amevuna kovu lote la mti wa nyuma ya jiko kabla ya mvua, kama ilivyokuwa desturi yake, akaujeruhi mti upya upande wa pili ili uanze kuota. Mpaka misimu miwili ipite, hapakuwa na lingine duniani ambalo yeye analijua.

Gentille alisimama mlangoni mwa jiko. "Mama, ukimaliza ile, hata Wilfried akikuya kupiga magoti, hautakuwa na kitu ya kumupa."

"Ninajua."

"Na bakikukamata unatibu?"

"Leta jiwe ya kusagia."

Kuna watu watapenda niseme alifanya kwa huruma. Huruma ilikuwepo, yule mama alikuwa analia mbele yake na mguu unanuka. Lakini Godelieve mwenyewe hakujificha. Alilisaga ganda lile kwa nguvu kuliko kawaida, jasho likimtiririka, na kila alipopiga jiwe alitamka neno moja tu: wilfridine, wilfridine. Kabagwira alidhani ni jina la mtakatifu, akaitikia amina.

Raphaël aliyaona yote hayo kutoka uani. Jioni alileta samaki wawili wa mikebuka kutoka ziwani, akawaosha mwenyewe, akawaweka jikoni, na siku hiyo mkewe alimpa mboga.


Wilfried alirudi wiki kumi baada ya kumenya ile miti. Hakuja na gari. Alikuja kwenye pikipiki ya kukodi, vumbi mpaka kope, shati limemlegea mabegani. Alikuwa amempitia muzee Eugène, wakaja wote wawili, Eugène na mfuko wake wa karatasi kwapani. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kabagwira alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani akichagua maharagwe, mguu umenyooshwa mbele yake chini ya kikwembe.

"Mama," Wilfried alisema, akakaa kabla ya kukaribishwa. "Mama yangu, unisaidie. Doa haiko."

"Doa gani?"

"Ile ya zambarau. Tulitoa magunia yote, tukaloweka, tukapima mara kumi na moja. Kioo iko safi. Hakuna kitu. Profesa anasema labda nilidanganya ku mara ya kwanza, labda nilitia kitu. Bazungu banakuya kisha wiki tatu. Banasema bataniondolea diploma yangu."

"Pole," Godelieve alisema.

"Ulinipa ganda gani ile siku? Ni muti ingine? Niambie, mama. Nitalipa. Sema pesa ngapi."

Eugène aliweka neno lake la kikubwa. "Mama Godelieve, hii ni heshima ya Fizi yote. Usikuwe na roho mubaya."

Godelieve alijifuta mikono taratibu, akamgeukia yeye kwanza. "Muzee, ile karatasi yako ya kunikataza iko mu mufuko?"

"Iko."

"Ipasue."

Eugène alimtazama Wilfried. Wilfried alitikisa kichwa kwa haraka, ndiyo, ndiyo. Karatasi ikapasuliwa vipande vinne, na Gentille akavipokea akavitia kwenye jiko la makaa.

"Sasa na wino toa."

"Wino ya nini?"

"Gentille, leta kayi, daftari yako. Andika." Akasema taratibu, kama mwalimu anayetoa imla, na binti akaandika: "Mutoa habari namba moja. Mwanaume. Umri, kama miaka makumi tatu na mbili. Hajasoma."

"Mama, hapana..." Wilfried alisema.

"Alikuya kwa mama Godelieve, mwenye dawa, kuomba kufundishwa. Nukta. Weka kidole."

"Ninaweza kusaini."

"Muda hakuna, mwanangu. Kidole tu." Alimshika gumba, akalibonyeza kwenye wino wa Eugène, akalibonyeza kwenye kayi. Lilitoka vizuri, mistari yote. Raphaël alikuwa amefika mlangoni na alishuhudia, na taximan wa pikipiki naye alishuhudia, na kabla ya adhuhuri soko lote la Baraka lilikuwa linajua.

Ndipo alipokwenda ndani akaleta kitabu. Kilijifungua chenyewe pale kilipokunjwa. "Soma. Kwa sauti. Kwa Kiswahili, sisi hatujasoma."

Wilfried alianza kusoma. Mti lazima ujeruhiwe kwanza. Uachwe misimu miwili ya mvua. Ganda lililoota juu ya jeraha ndilo peke yake linaloponya. Alipofika hapo alirudi nyuma, akasoma tena kwa macho tu.

"Kovu," alisema. "Ni kovu. Muti ikiumizwa njo inatengeneza... Ee Mungu wangu. Kumbe uliniambia."

"Nilikuambia mara mbili. Ya pili ulinichekeshea batu. Endelea, hujamaliza kusoma."

"'Imani hii haina msingi wowote wa kisayansi,'" alimalizia, na sasa machozi yalikuwa yanashuka kweli, yakichora njia kwenye vumbi la mashavu. Godelieve aliyatazama yote. Alikuwa ameyangoja wiki kumi na hakutaka kupoteza hata moja.

"Nipe ganda ya kovu, mama. Kidogo tu. Kilo moja. Nusu!"

"Ile miti miwili ya juu ulimenya kuzunguka, imekufa, majani yote iko chini, panda uone. Huu wa nyuma ya jiko niliujeruhi kabla ya mvua. Uhesabu misimu miwili."

"Na ile ilikuwa mu kikopo?"

Godelieve aliinama, akafunua kikwembe cha Kabagwira. Mguu ulikuwa umefunga. Ngozi mpya ilikuwa imekaza pale, laini, na Kabagwira aliuinua kidogo hewani, akauzungusha kifundo ili mgeni aone vizuri.

"Iko pale," Godelieve alisema. "Yote."

Raphaël alikwenda akafungua balbu, akaleta pano yake na kuiweka miguuni pa Wilfried. Mkewe akamzuia kwa mkono. "Ile inabaki. Ni malipo ya miti miwili. Rudisha pahali pake."

Eugène alikuwa ameshatangulia barabarani na mfuko wake. Wilfried alisimama, akapangusa gumba kwenye suruali, na wino haukutoka. Mpaka leo kuna wenzake wanaopita Baraka wakiuliza jina la mti, kwa upole, wakiwa na peremende za watoto mfukoni. Ndiyo maana sikuliandika.

Wilfried alipofika kwenye pikipiki aligeuka. "Mama, bale bazungu, mie nitabaambia nini?"

Godelieve alikuwa amekwisha kukaa mkekani kumsaidia Kabagwira kuchagua maharagwe.

"Baambie ni imani tu, mwanangu," alisema. "Haina musingi."